Mahari ya Vumbi

Kama kuna kijana anayesoma hapa akidhani kazi ya maabara ni koti jeupe na kupiga picha ukiwa umeshika chupa, avute kiti akae. Mimi nimestaafu juzi juzi tu. Koti langu lina madoa ambayo hakuna sabuni Kampala nzima inayoyaweza, na kazi niliyoifanya miaka yote hiyo inaelezeka kwa maneno mawili: kutengeneza vumbi.

Si maneno yangu, ni ya marehemu mama. Siku moja alitoka kambi ya polisi tulikokulia akaja kunitembelea kazini, amevaa gomesi yake ya kanisani, nami kwa majivuno nikampa chupa ndogo yenye unga wa manjano uliotuama chini. Akaigeuzageuza.

"Hii inapikwa na nini?"

"Haipikwi, mama. Ni fuwele."

"Inaponya nini?"

"Haiponyi kitu. Inang'aa tu, ili tuone mambo ya ndani ya seli."

Akairudisha mezani polepole, jinsi mtu anavyomrudisha mtoto wa jirani aliyemkojolea. "Zaituni," akasema, "baba yako amesimama na bunduki kwa mvua miaka yote, wewe usome. Kumbe anasomesha mtu wa vumbi?"

Hadi anakwenda kaburini, marafiki zake walipomuuliza binti yake anafanya kazi gani, alijibu kwamba niko serikalini.

Basi nieleze vumbi lenyewe, maana nusu yenu mnalisomea bila kujua ni kitu gani. Unachukua molekyuli za kaboni zenye mikono mitatu au minne. Unazitia kwenye kiyeyushi, unafunga chupa ya kioo, unaipa joto la wastani, unaziacha zishikane mikono. Zikishikana kwa mpango, zinafuma karatasi za wavu, na vitundu vyake vyote vinakuwa vya ukubwa mmoja, safu kwa safu. Hizo ndizo fuwele zenye vitundu. Si chuma na si kioo, ni mali ya ukoo ule ule wa plastiki na sukari. Ukichagua molekyuli zinazotoa mwanga, unga wote unang'aa ukiumulika kwa taa ya zambarau. Ukiusaga ukawa laini mno, seli hai ikaumeza, unakaa mbele ya hadubini na kutazama kinachoendelea ndani ya seli bila kuiua. Ndiyo hiyo tu. Mengine yote ni matatizo, na ndiyo yaliyonilisha.

Tatizo la kwanza lilikuwa lugha. Mkuu wetu, Daktari Mutiso, alikuwa Mkenya wa Machakos, mtu mrefu mwenye haraka. Mwenzangu wa benchi, Mugisho, alitoka Bukavu, na Kiingereza chake kilitosha kuomba maji na kukataa lawama. Mimi nilizaliwa na baba Mwislamu wa Arua na mama Mkatoliki wa Gulu, katika kambi ambapo Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, pamoja na foleni ya choo. Kwa hiyo tukafanya kazi kwa Kiswahili, katika mji ambao ukianza kuongea Kiswahili kwa sauti kubwa watu wanakudhani askari, wanatafuta vitambulisho vyao. Wakanibandika jina la Afande. Msidhani ilikuwa heshima.

Vitabu vyetu vilikuwa vya Kiingereza, lakini kazi yenyewe ilijiundia maneno. Karatasi zile za wavu zina tabia ya kulaliana moja juu ya nyingine. Zikibanana mno, mwanga unakufa, kwa sababu nguvu ambayo ingetoka nje kama mng'aro inapotelea kwa karatasi ya jirani. Kwa hiyo kila asubuhi Mutiso aliingia na swali lile lile: "Zimelala?" Nasi tunajibu, "Zimelala zote, bosi," au, "Leo ziko macho." Wageni waliopita koridoni waliamini kwamba tunafuga kuku.

Dawa ya kulala ilikuwa feni. Ndivyo tulivyoiita molekyuli moja yenye mapanga manne. Ikiwa huru inazungusha mapanga na kumalizia nguvu zake huko huko. Ukiifuma ndani ya wavu ikabanwa isizunguke, haina njia nyingine ila kung'aa. Mugisho alipoelezwa hivyo mara ya kwanza alimtazama Mutiso akasema hata bosi yuko vile vile, ukimnyima safari ya mkutano wa nje, anawaka wiki nzima. Mutiso alicheka kwa sababu ilikuwa kweli.

Sasa sikieni mambo ya mkono, yale ambayo hamtayapata kwenye makala za watu. Chupa ikishaingia kwenye tanuri, msiitikise. Najua mnatamani kuona. Kila mwanafunzi hutamani kuona, huichomoa, huitikisa mbele ya dirisha, kisha hushangaa kwa nini amepata uji. Asidi mnayotumia kuharakisha mikono ishikane iwe tone, isiwe mwaga, maana mikono ikishikana kwa pupa haipati nafasi ya kuachiana na kujipanga upya, na kujipanga upya ndiko kunakozaa fuwele. Umeme ukikatika, msikimbilie kufungua tanuri. Sisi tulikuwa tukifungua, tanuri linapoa ghafla, fuwele zinazaliwa vilema. Mugisho akaleta blanketi la mtumba, umeme ukikatika analizungushia tanuri lote, linapoa taratibu, na wallahi fuwele za siku za giza zilitoka nzuri kuliko za siku za umeme. Tukaanza kuomba umeme ukatike.

Na kukausha! Fuwele zikitoka kwenye chupa, vitundu vyake vimejaa kiyeyushi kizito. Kiondoe kwa kukibadilisha na chepesi, mara nyingi, bila kuchoka, halafu kausha polepole. Ukikausha kwa moto mkali, kile kizito kinapotoka kinavuta kuta, na wavu unajikunja wote. Mutiso aliyajua haya, ndiye aliyetufundisha. Lakini siku moja wageni wa kutoka nje walikuwa njiani, fuwele bado mbichi, na bosi akazitia mwenyewe kwenye tanuri la moto kama mtu anayekausha soksi za shule. Wageni wakafika, wakaonyeshwa unga usiokuwa na hata kitundu kimoja, wakaambiwa huu una vitundu vingi kuliko kitu chochote walichowahi kushika. Wakatikisa vichwa na kupiga picha. Mimi na Mugisho ilibidi tuende kusimama stoo hadi kicheko kiishe.

Hayo ni ya kuwachangamsha. Ninachotaka mkumbuke ni habari ya Nansubuga.

Nansubuga alikuwa mwanafunzi wetu wa shahada ya udaktari, Muganda wa Kamwokya, mdogo wa umbo na mkaidi wa kupindukia. Ulimi wake ulifuata Luganda: kwake habari ilikuwa habali, kweli ilikuwa kweri, na Mutiso alikuwa Dakitali. Tulimtania kwa hilo kila siku, naye alitania Luganda changu, ambacho alisema kinafaa kutumiwa kwa watuhumiwa. Mama yake alikuwa na saluni Kamwokya, katikati ya spika za muziki za majirani, na alikuwa ameshaanza kuwaambia wateja wake, kichwa kikiwa kwenye maji, "Daktari wangu anakaribia kumaliza." Alikuwa anakaribia kwa miaka kadhaa sasa. Chuo kilikwisha kumwongezea muda na kumwongezea tena, na safari hii kilisema ndiyo mwisho. Alete picha ya fuwele zake ndani ya seli hai, mbele ya mtahini wa nje. Asipoileta, ataondoka bila shahada, na benchi lake litachukuliwa na mradi wa kupima maji, ambao watu wake walikuwa tayari wanapita kulipima kwa futi.

Picha ya kwanza aliyoipata ilikuwa ya kijani, nzuri ajabu. Seli zote zinang'aa. Mutiso akapiga makofi, Mugisho akatumwa kununua rolex, tukala chapati na mayai yake tumesimama, mafuta yakichuruzika kwenye viwiko. Nansubuga hakula. Alirudi kwenye chumba cha hadubini akachukua sahani ya seli ambazo hazijawahi kukutana na fuwele zetu hata kwa salamu. Nazo zikang'aa kijani vile vile. Kumbe seli zina mwangaza wake zenyewe, ukizimulika lazima zikujibu kidogo, na sisi tulikuwa tumesherehekea seli tupu. Akatoka akasimama mlangoni, macho mekundu.

"Mumekula rolex ya bule," akasema.

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Ninyi mngefanya nini? Semeni ukweli. Picha ni nzuri, bosi anafurahi, mayai yamekwisha kuliwa. Kila mara wekeni sahani tupu pembeni, na muitazame kwanza kabla ya kuita watu.

Tukahamia fuwele zinazong'aa kwa rangi nyekundu, kwa sababu seli zenyewe hazina wekundu mwingi wa kutudanganya. Seli tulizotumia ni zile tunazoziita seli walaji, askari wa mwili wanaomeza vijidudu. Tatizo ni kwamba kwa hadubini sasa hatukuona kitu. Giza, na vidoa vichache hafifu huku na kule. Nansubuga alikuwa na maelezo yake: fuwele zimeingia, ila mwanga wake ni dhaifu mno hauonekani. Dawa ni kupanua vitundu, kuongeza nafasi, kisha kujaza humo rangi nyekundu zaidi. Wazo lilikuwa la maana kabisa, na kama mngekuwapo mngemuunga mkono. Nasi tungemuunga mkono, kama angekuwa ametuambia. Muda ulikuwa unayoyoma na hakuna aliyekuwa na wazo lingine.

Jumamosi moja, wazo likiwa bado kichwani mwake tu, akaenda Mukono kwenye kwanjula ya binamu yake. Kwa asiyejua, kwanjula ni siku binti anapomtambulisha mchumba wake nyumbani, na ukoo wa mchumba unaingia uani na zawadi na mahari huku washereheshaji wawili wakitukanana kwa adabu. Nansubuga alikuwa kwenye mstari wa wasichana wa kupiga magoti. Katikati ya kupiga magoti, sijui ni goti lipi lililomgonga akili, akachomoka, akaenda nyuma ya hema, akampigia simu Mugisho. Mimi nilikuwa kwenye sinki la pembeni naosha vyombo, nikisikia upande mmoja tu.

"Nini? Paza sauti! Hizo ngoma zinapigwa juu ya nini? Niongeze nini? Mahari? Kwa fuwele? Ah, sawa, sawa, nimesikia muzuri!"

Simu ikakatika. Mugisho akasimama ameishika kama mtu aliyepewa siri ya serikali.

"Afande, ule mtoto ana kichwa," akasema. "Anasema fuwele zinaenda kwa seli mikono mitupu. Tuziongezee mahari."

Nikaacha kuosha. Nikawaza, nikaona ni sawasawa. Seli haijui wewe ni nani, umekuja na karatasi zako za kaboni, unataka kuingia sebuleni. Beba kitu! Nikamwambia Mugisho kwamba binti amekomaa.

"Sasa hapa Kampala batu banapeleka nini kwa wakwe?" akauliza.

"Ng'ombe," nikasema. "Sabuni. Mikate. Nyama. Sukari."

"Sukari," akasema, na macho yakamtoka. Akaenda moja kwa moja kwenye kabati la nyuma, lile la mabaki ya miradi iliyokufa, akarudi na kichupa cha sukari ya manosi. Sukari hiyo ilikuwa na mkono wa nitrojeni uliotengenezwa kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Manosi imejaa kwenye ngozi za vijidudu vingi, na seli walaji wana midomo ya kuitambua. Na fuwele zetu, pembezoni kabisa ambako wavu unaishia, zina mikono iliyobaki wazi isiyopata wa kumshika. Mugisho akaikutanisha mikono hiyo na mikono ya sukari, kwa joto dogo, akaosha, akabadilisha kiyeyushi, akakausha polepole chini ya blanketi lake. Aliimba nyimbo za kanisani alasiri yote. Vitundu havikupanuka hata unywele mmoja.

Jumatatu Nansubuga akafika, akachukua chupa, hakuuliza, kwa kuwa alijua alichoagiza. Akawapa seli walaji. Baada ya chakula cha mchana akaenda kwenye hadubini, nasi tukasikia ukelele mmoja mfupi kisha hakuna kitu. Nikakimbia nikidhani amepigwa na umeme.

Alikuwa amekaa mikono mapajani. Kwenye skrini kulikuwa na seli, na ndani ya kila seli, si pembeni, ndani, chembe nyekundu zimekusanyika kuzunguka kiini. Akabadilisha akaweka sahani tupu. Giza. Akaweka fuwele za zamani. Giza, na vidoa hafifu vimekaa nje. Akarudisha zile mpya. Nyekundu tele.

"Mugisho!" akaita. "Umeongeza mahali kiasi gani?"

"Gramu kidogo tu, ile kichupa yote."

"Gramu? Mahali inapimwa kwa gramu?"

"Sasa sukari unapima na nini? Na kikombe?"

"Sukali gani?"

Mugisho akaeleza. Alipofika kwenye ng'ombe na sabuni, Nansubuga alikuwa amesimama, mikono kichwani.

"Banange! Nirisema mahali! Mahali, nafasi, matundu yawe makubwa!"

"Wewe Muganda," Mugisho akajitetea, naye ameanza kupandwa na hasira. "Ukisema habali, mie nasikia habari. Ukisema Dakitali, nasikia daktari. Nimekaa hii Kampala najifunza kuwatengenezea. Umesema mahali, mie nikaweka erre yake, mahari."

"Siku moja, Mugisho! Siku moja nasema sawasawa, na hiyo ndiyo unatengeneza!"

Niliketi sakafuni. Sikuwa na nguvu ya kusimama na kucheka kwa wakati mmoja. Walibishana hadi Mutiso akaja na, alipoitazama skrini, akawaomba wote wanyamaze kwa jina la Mungu.

Kuanzia siku hiyo neno likabaki. Kitu chochote unachobandika juu ya fuwele ili seli ikubali kuipokea, kwetu kiliitwa mahari. "Hizi zina mahari?" "Bado, ni za bure." Mkija kusikia wazee wakisema hivyo kwenye maabara za hapa, mjue lilikotoka.

Lakini msiende bado, maana furaha ile ilikuwa na mtego. Nansubuga alikuwa na picha, na picha haikuwa yake. Shahada aliyoitafuta ilikuwa ya kubuni fuwele. Ubunifu wake ulikuwa vitundu vipana, na vitundu vipana havikufanywa. Kilichofanya kazi kilitoka sikioni kwa Mugisho na kwenye orodha ya vitu vya wakwe. Mtahini wa kwanza mwenye akili angeuliza kwa nini sukari, na hapo?

Mutiso alikuwa na jibu tayari, na simlaumu, alimpenda yule binti na aliogopa. "Utasema seli walaji hutambua manosi, kwa hivyo tukaamua kuitumia. Ni ukweli, sivyo? Hizo seli zinaitambua. Wacha stori ya harusi. Ukimpelekea mtahini hiyo stori, umekwisha."

Nawaambia ninyi mnaosoma makala za watu: nyingi zimeandikwa kwa kurudi kinyumenyume. Mtu anajikwaa, anaokota, kisha anaandika kwamba aliinama kwa makusudi. Nimeona wakubwa wakifanya hivyo na wakapandishwa vyeo. Kwa hiyo sikumwambia Nansubuga lolote. Niliendelea kuosha vyombo vyangu na kumtazama.

Alichofanya ni kurudia. Akaweka sukari ya manosi, akaweka sukari ya aina nyingine, akaweka fuwele bila sukari. Ile sukari nyingine seli waliidharau. Kisha akafanya jambo ambalo mimi na miaka yangu yote nalipenda hadi leo. Aliwapa seli sukari tupu ya manosi kwanza, nyingi, hadi midomo yao yote ikajaa. Halafu ndipo akawaletea fuwele zenye mahari. Hawakuzigusa. Zilibaki nje mlangoni, kama zile za zamani. Alirudia hadi Mugisho akaanza kuwahurumia seli. Jibu lilikuwa lile lile.

Mtahini akaja, mzee kutoka Dar es Salaam, mwembamba, sauti ya chini, aina ya mtu anayekuuliza swali huku akisafisha miwani ili usijue anatazama wapi. Mtihani wa mwisho ulifanyika ukumbini, kwa Kiingereza, na sisi wa maabara tuliruhusiwa kukaa nyuma mradi tusitoe pumzi. Nansubuga alieleza feni, wavu, kukausha, rangi nyekundu. Picha ikaonyeshwa. Mtahini akavua miwani, akauliza nini kilimfanya achague sukari.

Mutiso alikuwa mbele yangu. Niliona shingo yake ikikauka.

Nansubuga akaweka chini karatasi zake. Kisha akaacha Kiingereza.

"Profesa, sikuichagua. Lirikuwa kosa. Nirisema mahali kwa simu. Yeye akasikia mahali."

Mtahini akasubiri. "Ulisema mahali," akarudia kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "naye akasikia mahali. Sasa kosa liko wapi?"

Masikini binti! Ulimi wake haukuwa na njia ya kuyatenganisha maneno yale mawili. Akajaribu tena, likatoka lile lile. Akageuka nyuma akatutazama sisi kama mtu anayezama, kisha akasema kwa nguvu, "Kuna mahali ya nafasi, Profesa, na kuna mahali ya ng'ombe!"

Mzee alitoa macho. Halafu akaelewa. Alicheka hadi miwani ikaanguka mezani, akacheka kwa kushika ukingo wa meza, na mwenyekiti wa mtihani, Muganda mwenzake Nansubuga ambaye Kiswahili hakikuwa chake kabisa, akauliza kwa Kiingereza ni ng'ombe gani wametajwa kwenye tasnifu hii, ukurasa gani, kwa kuwa yeye hajawaona. Hapo Mugisho alipaliwa na nikalazimika kumpiga mgongoni.

Kisha mzee akafuta macho, akavaa miwani, na kicheko kikamtoka usoni chote.

"Binti," akasema, "kama wazo lilitokana na sikio la mwenzako, shahada nimpe nani?"

Niwaambie kweli, niliogopa. Niliogopa kuliko siku zile baba alipokuwa akichelewa kurudi kambini. Niliiona saluni ya Kamwokya na mama yake akibadilisha mazungumzo na wateja.

"Kosa mpe Mugisho," Nansubuga akasema. "Ni rake, na lirikuwa zuri. Mimi sikusikia vibaya, na sikubahatisha. Mimi niriuliza kwa nini." Akabonyeza, ikaja picha ya giza. "Hizi seri zimekula sukali tupu kwanza. Zimeshiba. Angalia fuwere, zimebaki nje. Hapa hakuna mtu amenisaidia kusikia. Hii ni yangu."

Mzee aliinama mbele akaitazama ile picha ya giza kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama ile nyekundu. Akauliza maswali mengine, magumu, mawili hakuyajibu vizuri. Kisha tukaambiwa sote tutoke, washauriane.

Koridoni alivua viatu. Vilikuwa vya kisigino, vya mtumba wa soko la Owino, amevinunua kwa ajili ya siku hiyo, na vilikuwa vidogo kwake. Vidole vilikuwa vimevimba. Akanipa nimshikie, akasimama peku kwenye sakafu ya saruji akiutazama mlango. Mutiso alitembea kwenda ngazi na kurudi. Mugisho alisali kwa Kifaransa.

Mlango ukafunguka. Mzee wa Dar es Salaam akatoa kichwa.

"Daktari Nansubuga, karibu ndani."

Hakusogea. Jina la Nansubuga hapa mjini ni la watu wengi, na yeye aligeuka nyuma kutafuta huyo daktari anayeitwa. Nikamsukuma begani. "Ni wewe, mwanangu. Nenda." Akaenda, peku vile vile, mgongo umenyooka, akapeana mikono na wakubwa wote akiwa na vumbi la koridoni miguuni, na mlango ukafungwa.

Nami nikabaki nje na viatu vya mtumba mikononi, nikalia. Mimi, Afande, mtoto wa kambi, nililia hadi nikashindwa kujificha. Mugisho akaja akanitazama, akavitazama viatu, akanitazama tena.

"Afande," akasema, "na wewe bilikuwa binakubana?"